Grisi gani ipakwe kwenye meno ya shafti ya pikipiki?

Msomaji wetu wa Kigamboni ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Honda ST1100 niliyoinunua kwa mtu, na kila siku navuka nayo kwenda mjini. Wiki hii nabadilisha tairi la nyuma, na fundi wangu amesema gurudumu likishatoka tupake grisi kwenye splaini, yaani meno ya shafti. Yeye hutumia grisi nyekundu ya beringi. Muuzaji wa spea Kariakoo ananiambia nichukue ile yenye rangi ya shaba. Rafiki yangu mwenye BMW anasema bila moli nitaua pikipiki. Nichukue ipi?"

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa tairi unalibadilisha wiki hii na huenda huna muda wa kusoma yote: tafuta pesti ya moli, yaani molibdenamu disalfaidi, ambayo kopo lake linasema waziwazi kwamba moli ni asilimia 60 au zaidi. Fundi wako amekushauri vema kuhusu kazi, akateleza kwenye kopo. Muuzaji amekupa kitu kizuri cha mahali pengine kabisa. Rafiki yako amepatia, ila neno "moli" peke yake halitoshi, na hapo ndipo wengi wanapotupa fedha zao.

Sababu ya ushauri huu inatokana na namna meno hayo yanavyofanya kazi, ambayo ni tofauti sana na beringi. Katika pikipiki yako nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, ikapita kwenye krosi, yaani kiungo kinachojipinda, na shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa nyuma, ikafika kwenye sanduku la gia za nyuma, na kutoka hapo ikaingia kwenye gurudumu. Karibu kila vinapokutana vipande viwili kati ya hivyo pana splaini: kimoja kimechongwa meno kwa nje, kingine kwa ndani, na kimoja huchomekwa ndani ya mwenzake. Meno hayo hayazunguki moja juu ya jingine, bali yanazunguka pamoja yakiwa yamebanana. Ukiongeza mwendo meno yanagandamizwa upande mmoja, ukiachia yanagandamizwa upande wa pili, gurudumu likipanda tuta yanasogea unene wa unywele, likishuka yanarudi.

Beringi ikizunguka kwa kasi hujivutia mafuta chini ya gololi, nayo hujitandaza kuwa utando unaotenganisha chuma na chuma. Meno ya shafti hayana mwendo wa kujivutia chochote. Mafuta yaliyokuwa katikati hukamuliwa yakatoka pembeni, chuma kikabaki kinagusana na chuma, na kila mtikisiko mdogo unang'oa chembe ndogo mno ambazo hukutana na hewa na kugeuka kutu. Kutu hiyo ni ngumu, na ikishakaa katikati ya meno inafanya kazi ya msasa, kwa hiyo ulaji unaongeza kasi kadiri unavyoendelea.

Niliwahi kupokea pikipiki ya aina yako iliyoletwa kwa ajili ya tairi tu, mwenyewe akiwa hana lalamiko lolote. Nilipolivuta gurudumu, unga mwekundu kama wa tofali la kuchoma ulimwagika sakafuni, mkavu kabisa, kiasi cha kijiko cha chai. Kwenye ukingo wa meno kulikuwa na pete ya grisi nyekundu ya beringi, bado laini, bado inang'aa, imesukumwa nje ya kazi na kukaa pembeni ikitazama. Aliyeipaka hakuwa mvivu, maana ilikuwa nyingi na ilikuwa safi, ila haikuwa na kitu cha kubaki ndani baada ya mafuta yake kukamuliwa.

Kitu hicho cha kubaki ndicho moli. Ni unga mweusi wa kijivu ambao umbo lake la ndani ni matabaka membamba yaliyolaliana, kila tabaka likiwa na molibdenamu katikati na salfa juu na chini. Ndani ya tabaka chembe zimeshikana kwa nguvu sana, lakini tabaka kwa tabaka zimeshikana kidogo tu, hivyo zinateleza kama chapati zilizopakwa mafuta na kupangwa kwenye sahani. Mgandamizo unaokamua mafuta hauwezi kuyakamua matabaka hayo, kwani badala ya kutoka yanazidi kujishindilia kwenye uso wa chuma na kuwa ngozi ya kijivu inayong'aa. Joto la shafti halifiki hata karibu na kiwango cha kuidhuru, kwa sababu katika hewa ya kawaida moli huanza kuharibika kwenye nyuzi joto mia tatu na ushee.

Sasa tuje kwenye asilimia. Grisi ya kawaida ni mafuta yaliyogandishwa kwa sabuni ya lithiamu, ya kalsiamu au ya aina nyingine, pamoja na viambato kidogo. Mafuta ndiyo sehemu kubwa. Grisi nyeusi zinazouzwa kwa jina la moli, zikiwemo zile za jointi za ekseli za magari ambazo mafundi huziita grisi ya siivii, kwa kawaida zina moli asilimia 3 hivi, na nyingine hazifiki hapo. Rangi haikusaidii kutofautisha, kwa sababu kiasi kidogo sana cha moli kinatosha kuifanya grisi yote iwe nyeusi na kukuchafua kucha kwa siku mbili. Pesti ni kitu kingine: humo unga ndio mwingi, na mafuta yapo kwa ajili ya kuushikilia tu mpaka ufike kwenye meno. Honda kwa miaka mingi waliuza pesti yao iliyoitwa Moly 60, jina likitaja asilimia yenyewe, kisha wakaleta M-77 yenye asilimia 77. Nje ya maduka ya pikipiki kuna za viwandani ambazo hazina tofauti ya maana kwa kazi hii, kwa mfano Loctite LB 8012, ambayo moli yake ni takriban asilimia 65. Wanaouza vifaa vya mitambo mara nyingi ni rahisi kuwaagizia kuliko wauzaji wa spea za bodaboda, ambao hawana wateja wa shafti na hatuwezi kuwalaumu kwa kutoiweka.

Kuna namba nyingine kwenye kopo inayowachanganya watu, nayo ni ile ya NLGI. Mteja anaambiwa "hii ni namba mbili, ni nzuri," kana kwamba ni daraja la ubora. Namba hiyo inapima ugumu tu, yaani koni ya kipimo inazama kiasi gani ndani ya grisi iliyokwisha kuchapwachapwa, kwenye nyuzi joto 25. Namba 2 maana yake koni ilizama kati ya 265 na 295, kwa vizio vya sehemu ya kumi ya milimita. Grisi mbovu inaweza kuwa namba 2 na grisi bora ikawa namba 2 vilevile. Maneno ya kiwango cha joto nayo si ya kukushughulisha hapa.

Kuhusu ile ya rangi ya shaba, nasema kwa heshima zote kwa muuzaji wako kwamba ni dawa ya kuzuia bolti zisigande. Ipake kwenye bolti za ekzosi, utamshukuru siku ya kuzifungua. Unga wa shaba umewekwa ili vyuma viwili vinavyokaa kimya visishikane kwa joto na kutu, lakini hauna yale matabaka ya kuteleza, na mahali penye msuguano wa kila dakika hautoi ulinzi unaoutafuta. Ukikutana na zenye grafaiti, ziache pia: grafaiti ikilowa maji ya chumvi kati ya chuma na aluminiamu huchochea ulaji wa aluminiamu, na sanduku la gia zako za nyuma ni la aluminiamu.

Maji ya chumvi yananileta kwenye jambo ambalo rafiki yako wa BMW huenda hakukwambia, nalo linakuhusu wewe wa Kigamboni kuliko mtu wa Dodoma. Moli haizuii kutu. Ni hodari wa msuguano, lakini ikikaa kwenye unyevu utelezi wake unapungua, na chuma kilicho chini yake kinaweza kupata kutu kama kawaida. Wewe unavuka na kivuko, upepo wa bahari unaipiga pikipiki asubuhi na jioni, na katika masika utapita kwenye maji yaliyotuama, iwe Jangwani au kwingineko, hadi yafike kwenye kitovu cha gurudumu. Sanduku lililokuwa la moto likitumbukia ghafla kwenye maji baridi hupoa, hewa ya ndani ikasinyaa, na maji yakavutwa kupitia sili iliyochoka. Kwa hiyo pesti nzuri juu ya oringi mbovu, yaani zile pete za mpira za kuzuia maji, ni kazi nusu. Katika ST1100 kuna oringi zinazofunga eneo la meno upande wa gurudumu. Ni vitu vidogo, bei yake haiumizi, na ushauri wangu ni kuzibadilisha kila unapobadilisha tairi hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Oringi iliyokaa miaka ikibanwa huwa bapa upande mmoja, na hilo hulioni mpaka uishike kati ya vidole viwili na kuizungusha.

Hapo kwenye oringi na midomo ya sili ndipo grisi nyingine inapopata nafasi yake. Mimi hupaka tabaka jembamba la grisi isiyoyeyushwa na maji, na zile zilizogandishwa kwa kalsiamu salfoneti ndizo ninazozipenda kwa pwani, kwa kuwa zinastahimili maji ya chumvi kuliko lithiamu ya kawaida. Meno nayapa pesti, mpira naupa grisi ya kustahimili maji, kila kimoja mahali pake. Najua wapo wanaovichanganya viwili hivyo kwenye kifuniko cha kopo na kupaka kote. Siwezi kusema pikipiki zao zimekufa kwa sababu hiyo, lakini anayechanganya anapunguza asilimia ya moli aliyoilipia, na si kila sabuni ya grisi inapatana na nyingine. Zipo zinazokutana zikageuka maji, hasa za poliurea zikichanganywa na za lithiamu.

Sasa kazi yenyewe. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, toa gurudumu, na kabla ya kufuta chochote chukua kitambaa cheupe, kikokote kwenye meno mara moja, kisha kitazame. Kikitoka na weusi wenye unyevu, mmiliki wa kabla yako alikuwa mwangalifu. Kikitoka na wekundu mkavu, meno yamekaa na njaa muda mrefu. Kikitoka na vimetameta vya chuma, ulaji unaendelea sasa hivi. Baada ya hapo osha meno ya pande zote mbili kwa mafuta ya taa na brashi, ukitandaza kitambaa chini yake ili uchafu usitiririke kuelekea kwenye sili, kisha kausha kabisa. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba pesti mpya itaifunika ile ya zamani. Unga mwekundu ukibaki ndani utakuwa umetengeneza pesti ya kusagia vali.

Kagua kila jino kwa ukucha. Jino zima lina kilele bapa, na pande zake zinashuka sawasawa. Jino lililolika lina ngazi ndogo ambayo ukucha unakwama, au kilele chake kimekuwa chembamba kama makali ya kisu. Vilele vikishakuwa na ncha hakuna grisi itakayorudisha chuma, na fedha uliyotaka kununulia pesti iongezee kwenye kununua flanji, yaani kile kipande chenye meno kinachokaa kwenye gurudumu.

Meno yakiwa mazima, chukua mswaki wa zamani na upake pesti mpaka kwenye mizizi ya kila jino, la ndani na la nje, ukisugua ili ishike badala ya kuilundika. Kiasi kinachofaa ni kile ambacho bado unaliona umbo la jino chini yake. Gramu chache zinatosha, ndiyo maana bomba moja dogo litakutosha kwa miaka na bei yake inayotisha dukani inakuwa si kubwa ukiigawa. Kosa la kujaza ni baya kuliko watu wanavyodhani. Splaini inayoingia kwenye kikombe kisicho na tundu upande wa pili ikikuta grisi imejaa, grisi hiyo haina pa kwenda, nayo husukuma shafti irudi nyuma au huizuia isifike mwisho. Nimekuta mtu amekaza nati kwa nguvu akidhani meno hayajalingana, kumbe alikuwa akipigana na grisi yake mwenyewe.

Kama utafungua pia sanduku la gia za nyuma ili kufikia meno ya shafti, jambo ninalokushauri ulifanye angalau mara hii ya kwanza kwa kuwa historia ya pikipiki huijui, usikaze nati za sanduku moja kwa moja wakati wa kurudisha. Ziache zishike kidogo tu, rudisha gurudumu na ekseli, sanduku lijipange lenyewe, ndipo uzikaze kwa vipimo vya kitabu cha Honda. Na mafuta ya ndani ya sanduku ni habari nyingine: humo huingia mafuta ya gia aina ya haipoidi, wala si grisi wala pesti.

Rafiki yako naye apate neno lake, kwa sababu BMW si moja. Zile za kizamani za silinda mbili, zenye shafti ndani ya mkono wa kawaida, shafti yake huzunguka ndani ya mafuta na haitaki grisi hapo. Zenye mfumo wa Paralever, yaani mkono wa nyuma wenye viungo viwili, ulioanza na R80GS na R100GS mwaka 1987, shafti yake ni kavu na meno yake yanahitaji kupakwa. K100 ya mwaka 1983 na ndugu zake zina meno pia mahali pa klachi, na klachi hiyo ni kavu. Hapo mkono uwe mwepisi sana. Katika ujana wangu wa ufundi niliipaka moja kwa ukarimu mwingi, na haikuchukua muda mwenyewe akarudi akisema injini inalia lakini pikipiki haipandi kilima. Grisi ilikuwa imerushwa mpaka kwenye sahani ya klachi, na sahani mpya niliilipa mimi.

Wenye guta za mizigo zenye propela wasinielewe vibaya. Propela yao ina splaini inayoteleza kwa urefu mkubwa zaidi, na nyingi zina nipeli ya kupigia grisi. Pale grisi ya lithiamu ya kuhimili mgandamizo, ikipigwa mara kwa mara mpaka ile chafu itoke, inafaa kuliko pesti ya gharama, kwa sababu kazi yake kubwa ni kusukuma mchanga nje.

Linabaki swali la siku pesti isipopatikana, kwa kuwa tairi lako haliwezi kungoja mzigo wa kutoka nje. Kwa hali hiyo tumia grisi ya siivii ya kampuni inayoeleweka, iliyoandikwa asilimia yake, na ujue kwamba umenunua muda mfupi. Ningetoa gurudumu tena baada ya miezi mitatu au minne kukagua kwa kitambaa cheupe, wakati yule wa pesti anaweza kungoja mpaka tairi lijalo, au mwezi wa pili kabla masika hayajaanza, lolote litakalotangulia. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mtu mwenye asilimia 3 anayefungua kila baada ya miezi minne na mtu mwenye asilimia 77 ambaye hajafungua tangu anunue, pikipiki nitakayoinunua ni ya yule wa kwanza. Ukimaliza kupaka, andika kilomita na tarehe juu ya kifuniko cha kopo kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa kuwa fundi wako atasahau na wewe pia.